Kiunganishi

Leo nakabidhi ofisi, barabara ya kumi na tano, Ngamiani:
funguo tatu, feni ya mezani iliyovunjika ubawa,
majalada mia na kumi na manne.
Binti Shemhilu, mrithi wangu, ananiuliza kwa adabu ya chuoni,
"Mama, miaka ishirini na sita ya mabomba. Umefanya nini?"

Nimebadili neno moja.

Anacheka. Ngoja.

Nilianza na suti moja na viatu vya kuazima.
Nikapewa kanuni za mkuza niziandike:
bomba lifukiwe kina gani, lipite mita ngapi toka kisimani,
likivuja nani azibe, likizibwa nani alipe.
Chuma nilikijua kama mchomeleaji,
unene wake, kutu yake, valvu ya kufungwa na ile ijifungayo.
Usiku mmoja, umeme unakatika unarudi,
nikaandika kifungu cha kumi na tisa:
*Atalipwa fidia mtu mwenye ardhi na mazao.*

Na. Herufi mbili.
Sikuziona. Mkurugenzi hakuziona.
Mpiga chapa akazipiga.

Tukaja Putini kusikiliza malalamiko,
darasa la tatu, madawati ya watoto, magoti kifuani.
Akasimama Mwanahamvua Kombo,
mihogo ekari moja na robo, shamba la mjomba.
Ofisa akasoma: mazao, anayo. Ardhi, hana.
Akapiga mstari kwa rula.
Mama yule hakulia, hakulaani.
Aliuliza tu,
"Huyo *na* ni nani, mbona kanila?"

Darasa zima likaangua kicheko.
Nami nilicheka.
Hicho ndicho nisichojisamehe.

Tangu siku ile nikawa wakili wa herufi mbili.
Barua Dodoma. *Tutalitazama.* Barua tena.
Mawakili wa kampuni, kahawa yao inanukia:
"Ukiweka *au*, kila mpita njia atapanda mchicha alipwe."
Nikawajibu, ukiacha *na*,
mwenye hati atalipwa jasho la shangazi yake.
Mawaziri watatu wakaja wakaondoka.
Mume wangu akasema nimeolewa mara mbili,
na kifungu ndiye mume mkubwa.

Mwaka wa kumi na moja likatoka,
Gazeti la Serikali, ukurasa wa arobaini, chini, kushoto:
*ardhi au mazao.*
Hapakuwa na sherehe. Nilinunua kashata za shilingi elfu,
nikapanda bodaboda hadi Putini.

Mwanahamvua alikuwa akitwanga.
Nikamsomea. Akasikiliza mchi ukiwa juu.
"Kwa hiyo langu?"
Sheria hairudi nyuma, nikasema. Lako limepita.
Akautua mchi. Akapangusa kigoda kwa upindo wa kanga.
"Basi kaa. Tule hizo kashata, wewe na mimi."

Hiyo *na* sikuigusa.

Binti Shemhilu hacheki tena, anaandika.
Usiandike hayo, mwanangu, andika haya:
ufunguo wa kabati la chini hugoma, uinue kidogo ndipo uzungushe.
Maji ya bomba hukatika saa nne.
Na kifungu cha thelathini na moja, mstari wa pili,
kuna *isipokuwa* imejikunyata pale.
Sikuwahi kuifikia.