Kifungu cha Kumi na Nne

Saa moja na nusu, Newala. Ukungu umeanza kuiachia mikorosho.
Napanda ngazi na kitambaa cha pamba
kufuta jicho la kioo linalohesabu jua.
Mwezi wa saba, salfa haina mwenyewe:
mjomba Nanjota anapuliza bondeni,
unga wa njano unapanda,
unanikuta huku.

Mkataba unasema, kifungu cha kumi na nne:
mzalishaji atapima jua, upepo, joto, mvua,
na takwimu zimfikie mnunuzi kabla ya saa nne
bila kupunguza wala kuongeza.
Haukusema nani ashike kitambaa.

"Kiache," meneja aliniambia juzi, anachokonoa meno.
"Kioo kikichafuka, jua ndilo lililokosa. Faini haitugusi."

Nafuta.
Wati mia mbili na kumi. Mia mbili na sitini na tatu.
Jua lilikuwepo; umeme ndio uliopungua.
Nimeandika hivyo, nimetuma hivyo.

Jioni mjomba yuko kibarazani kwa mama, viatu vya njano.
"Mwanangu Somoe, mashine yenu inasemaje kesho?
Mfuko wa salfa siku hizi haununuliki."
Kifungu kilekile, aya ya mwisho: siri ya pande mbili.
Yeye si upande.
Ni mbingu tu iliyo juu ya shamba lake.

Nakunja kitambaa, nakikunjua.
"Usipulize kesho," nasema. "Unyevu umepanda, manyunyu yatakuosha."

Na kioo changu, Mungu akipenda,
kitaamka safi.