Msonobari wa Kimara

Umekuja juu ya fuso kutoka Mufindi,
mizizi imefungwa viroba kama kidonda,
mtu mzima tayari.
Jirani, Mama Tunu, akakuita mvinje.
Sikumsahihisha.

Kamba hizi tatu si kifungo;
upepo wa huku hauna hodi.
Maji ya bomba ni Jumanne tu:
ndoo ya kwanza yako, ya pili ya kufulia.
Namimina polepole, nasikiliza udongo ukimeza.

Sindano zikageuka njano. Nilizihesabu, nikaacha.

Aliyekuagiza ni Sekela.
Alishapima kwa hatua
kivuli kitaishia wapi, kiti kikae wapi.
Wewe zoea joto,
mimi nazoea kiti.

Leo kileleni, kidole cha kijani.
Sijamwambia mtu.
Nimekwenda kuchota tena.