Ritifaa

Bibi Azeline Le Floc'h, miaka themanini na mmoja,
mtoto wa jicho katika jicho la kushoto,
ameandika jina lake mara tatu Jumatatu asubuhi
kwenye tovuti ya zahanati ya Audierne,
na mara tatu mashine imemjibu kwa wino mwekundu
kwamba kuna kosa karibu na h.

Akapiga simu.
"Mashine yenu inasema jina langu ni kosa."
Binti wa mapokezi, kwa upole:
"Liandike bila kile kijialama, mama."
Kimya. Birika likachemka upande wa pili.
"Bibi yangu alichapwa shuleni
kwa kuisema lugha yenye kijialama hicho. Sikitoi."

Sisi tunaoandika ng'ombe na ng'ambo twakijua:
ritifaa, kimkia kinachoelea,
kidogo kuliko punje ya ufuta.
Kiondoe, na hata kung'oa kwenyewe kunang'oka.
Kwa Wabretoni kimekaa kati ya c na h,
na sauti yake hutoka kooni
kama khofu, ilipokuwa bado inaandikwa hivyo.

Malalamiko yakashuka hadi ghorofa ya chini
kwa Goulven Kerdoncuff, mtengeneza printa,
mrejesha nywila zilizosahauliwa,
mla mkate wa siagi juu ya kibodi.
Akafungua kumbukumbu za makosa. Akasoma.
Akauweka mkate chini.

Kwa sababu jina halikuwa kosa.
Mtu fulani, miaka kumi na minne nyuma,
alishona amri na jina kwa uzi mmoja:
nitafutie mgonjwa aitwaye, akafungua nukuu,
akaacha jina liingie, akafunga nukuu,
akaenda zake likizo.
Na ritifaa, machoni pa hifadhidata,
ni nukuu ya kufunga.
Jina likaishia Floc. Ile h ikabaki nje,
imesimama mahali zinaposimama amri,
haina la kuamuru, maskini,
ndiyo maana mashine ikapiga kelele.

Mwingine angekuwa nalo la kuamuru.

Goulven akatoa nakala, akaitenga na mtandao,
akaandika katika kisanduku cha jina
mstari mfupi kuliko anwani ya nyumba yake.
Wakamwagika: wagonjwa elfu kumi na moja,
na kaswende zao, na mimba zao,
na namba za simu za waume wasioambiwa,
na mama yake mwenyewe, na dawa
ambayo hakujua kwamba anaimeza.
Akazima. Akakaa.
Vidole vilikuwa bado vinanuka siagi.

Mkurugenzi akasema: "Tuizuie hiyo alama. Dakika tano."
Goulven akasema hapana.
Wadukuzi wana alama nyingine tele,
watu wana majina yao tu.
"Mfukuze Le Floc'h mlangoni,
mwizi ataingia kwa dirisha la tarehe ya kuzaliwa."

Kwa siku tatu hakulala kabla ya saa nane usiku.
Akaukata uzi.
Sasa amri hutangulia, peke yake,
imekamilika, na pengo moja katikati;
hifadhidata huisoma, huielewa,
kisha huziba masikio.
Ndipo jina hufuata ndani ya bahasha,
likawekwa penye pengo,
wala haliulizwi maoni.
Jina ni jina. Hata likisema futa,
hata likisema nionyeshe wote,
atatafutwa mgonjwa aitwaye Futa
na hatapatikana.

Kisha akaipokonya tovuti funguo zisizo zake:
mpanga miadi ana haja gani ya kubomoa majedwali?

Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini.
Azeline ameichapisha karatasi yake
na kuisoma kwa jicho la kulia, herufi moja moja,
mpaka kwenye kijialama. Kipo.
Akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

Chini, Goulven ameihesabu mishono iliyobaki
ya uzi ule ule, katika kurasa nyingine:
arobaini na saba.
Amefika wa kumi na tisa.