Daftari, Behewa la Saba

Semey hadi Almaty: usiku mzima na kipande cha mchana.
Mara mbili kwa mwezi, kwa ajili ya jicho la Tolganay,
la kushoto, lile linalokwepa mwanga.
Mhudumu wa behewa anatugawia shuka zenye unyevu
na anatujua sasa: "Mmerudi, nyie na vikapu vyenu."

Vikapu vyetu, ndiyo.
Mwaka wa kwanza wa safari hizi niliongezeka kilo tisa.
Sikuzila mezani. Nilizila dirishani,
nyika ikipita kama kitambaa kisicho na pindo,
mkono wangu ukiingia mfukoni, ukitoka, ukiingia,
mkono usio na mwenyewe.
Kwa kuwa tumekaa. Kwa kuwa Dias anakula.
Kwa kuwa treni imesimama.

Daktari hakuniuliza habari za nyika.
Aliandika elfu moja mia sita, akaipigia mstari
kama anayekata tiketi ya kwenda tu.

Basi nina daftari.
Yai la kuchemsha, sabini na tano.
Tango, kumi na tano, tarakimu yenye huruma.
Chai kavu, sufuri; chai ya maziwa, tutaona.
Talgat mume wangu hukohoa niandikapo,
kikohozi cha mtu aliyeficha paja la kuku.

Ayagoz, usiku, dakika kumi na tano.
Wachuuzi wanakuja na vigari vya watoto
visivyo na watoto: ndani, chini ya blanketi,
sambusa za tanuri zinavuta pumzi.
Shetani wangu anaijua ratiba ya treni.
Nilinunua moja, nikaikata mara nne kwa kisu cha Talgat,
nikala robo nimesimama, kisha nikatembea
ujia wote hadi kwenye tangi la maji moto na kurudi,
mara sita, nikikwepa miguu ya waliolala.
Niliandika: robo.
Nikaifuta. Nikaandika kweli: nusu.

Lakini daftari halivuki mlango wa mavyaa.
Bi Kulyash huanza kupika kabla hatujafika mjini:
nyama ya farasi, tambi pana kama leso,
maandazi yanayogeuka yenyewe kwenye mafuta.
"Umekonda," husema, kila mara,
hata nilipokuwa kilo themanini na nane.
Kukataa ni kumwambia nyumba yake ina njaa.
Na njaa anaijua, kaisikia kwa mama yake,
aliyegawa ngano kwa punje, viganjani mwa wadogo zake,
na hesabu haikuwafikia wote.

Safari iliyopita nililisahau daftari mezani.
Nikamkuta jikoni kavaa miwani, Dias ubavuni,
anamsomea ukurasa kwa ukurasa.
Nilisimama mlangoni nikiingoja aibu yangu.
Akauliza tu: "Hivi ni vyakula vya watu wangapi?"
Vyangu, nikasema. Vyangu peke yangu.
Akalifunga, akalipangusa kwa aproni,
nalo halikuwa na vumbi.
Jioni chakula kilikuwa kilekile,
ila bakuli langu lilikuja na mchuzi mwingi, vipande vinne,
na hakuna aliyeniambia nimekonda.

Treni ya kurudi. Aktogay, giza.
Tolganay amelala, pamba jichoni.
Nikafungua furushi alilotufungia:
mayai, matango, karoti zilizokwisha kumenywa,
maandazi manane kwenye kopo la kahawa,
na karatasi, mwandiko ukiyumba
kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa safarini:

Yai 75. Karoti 25, kasema Dias.
Maandazi sijui, piga hesabu mwenyewe.
Moja ni la mama yangu.
Hilo usiliandike.