Usininuse Hivyo, Mwanamkasi

Usininuse hivyo, Mwanamkasi.
Udi huu una maelezo, na maelezo yenyewe marefu.
Kaa kitako. Nipe maji kwanza.

Waijua pikapu ilivyokuwa tangu Mfunguo Mosi.
Ikiwa tupu, kondoo.
Ikipakiwa mitungi arubaini, ikiushika mlima wa Changamwe,
yaanza kukohoa: yaruka, yajizuia, yaruka tena,
kama mtu aliyekumbuka deni katikati ya safari,
na malori ya bandarini nyuma yangu
yakinipigia honi mpaka masikio yapate moto.

Kila mtu akawa tabibu.
Mwachiro akasema petroli ina maji.
Tukamwaga tangi, tukatia mpya, ikakohoa vilevile.
Shekue akasema pampu.
Elfu nane, Mwembe Tayari,
zile elfu nane ulizoniuliza nami nikasema karo.
Pampu mpya, kikohozi cha zamani.

Leo nikaipeleka Jomvu kwa fundi Mbeyu.
Ndiyo, mwanamke. Ngoja nimalize.

Hakuuliza nimebadilisha nini.
Alifungua plagi nne akazipanga juu ya gazeti:
nyeupe zote, nyeupe ya chokaa ya tambuu.
"Hii haina maji," akasema, "hii ina njaa.
Yala hewa kuliko mafuta.
Na moto wa mwenye njaa ni mkali,
siku moja utatoboa pistoni."
Akapima mafuta. Yaja, tele, pampu haina kosa,
wala ile ya kwanza haikuwa na kosa
(elfu nane, Mwanamkasi).
"Basi mafuta yakifika, hii hewa ya ziada yaingilia wapi?"

Akatega sikio asikie inapofyonza,
lakini Jomvu nani asikie kitu?
Akazima injini, akaiacha ipoe mpaka baada ya Adhuhuri.
Akatwaa kopo la maziwa ya unga,
ndani kaa moja la moto, akaliweka mbali, ng'ambo ya ua,
mpira mrefu ukatoka koponi hadi kooni mwa kabureta,
pengine pote akaziba kwa matambara,
akaanza kusukuma kwa pampu ya baiskeli.
Moshi wa kaa ulikuwa hafifu, hauonekani.
"Una chochote cha kufukiza?"

Hapo, mke wangu. Hapo ndipo.
Nitaparudia.

Tukainama, mimi, Mbeyu, na Tsuma mshika tochi.
Gereji nzima ikanukia chumba cha bi harusi.
Mchomelea vyuma akavua miwani akauliza nani anaolewa.
Kisha kule nyuma, chini ya kabureta,
mahali jicho halifiki ila kwa kioo,
ukatoka uzi mmoja wa moshi,
mwembamba, usio na haraka.

Mpira wa hewa, wa shilingi mia mbili.
Juu mzima. Chini, mpasuko wa ukucha.
Miezi yote ile, ufa wa ukucha.

Akakata mpya, akaubana,
akarudisha skrubu ya kabureta robo mzunguko,
"maana kuna mtu aliikoroga hii."
Nikatazama pembeni.

Changamwe nimepanda kwa gia ya tatu, mitungi yote mgongoni,
haikukohoa hata mara moja.
Juu kule nikasimama, nikafungua plagi moja kwa pole:
yaanza kushika rangi ya ganda la korosho.
Nilitamani kumwonyesha mtu. Palikuwa na mbuzi tu.

Mpira wenyewe huu hapa, nimeuweka mfukoni uwe shahidi.
Ziba ncha hii kwa kidole. Puliza.
Umeona? Pumzi yako yaja kutokea mkononi mwangu.

Sasa, ule udi.
Kile kipakiti ulichokisahau kwenye dashibodi,
kile alichokuletea shangazi yako kutoka Lamu,
ulichokuwa ukikiwekea harusi ya Nuswaiba...

Mwanamkasi.
Mwanamkasi, weka chini huo mpira.