Lita Nne za Upepo wa Pwani

Kopo limeandikwa Upepo wa Pwani.
Lita nne, shilingi elfu tatu na mia mbili,
na mwenye duka pale Kibuye ameniapia haichuji.
Nikalibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa mtu
mpaka Dunga, mpaka nyumba yangu ya vyumba viwili
inayolisikia ziwa usiku lakini hailioni,
kwa kuwa jirani ameinua ghorofa.

Nilianza na viti.
Nikavivua vitambaa vyote, vile vya uzi mweupe
alivyofuma mama miaka ya mgao wa umeme:
tausi, waridi, tausi, waridi.
Hata redio ilikuwa na chake.
Shangazi Dorka akasimama mlangoni, mkoba kifuani.
"Akeyo, unaviacha viti uchi, wageni je?"
Nikamwambia pwani hawafuniki viti.
"Ndiyo maana vitu vyao vinashika kutu."

Yakashuka mapazia mazito ya maua,
kikapanda kikoi cha mistari ya samawati.
Likatoka zulia, ukaingia mkeka.
Na kiti kipya kutoka kwa Ajwang', cha gugumaji,
lile lile linalofunga njia ya mashua:
limekaushwa, limesukwa, sasa linakalika,
ila mvua ikinyesha linakumbuka kwao
na chumba kizima kinanuka matope.

Nilitaka bakuli la kauri, kama kwenye picha.
Kauri sikupata.
Mtoto wa jirani akaniuzia makoa ya konokono wa ziwa,
shilingi tano moja,
na moja lilikuwa bado na mwenyewe.
Usiku likashuka mezani, likaenda zake.

Baba alitazama haya yote bila neno.
Miaka ishirini na saba alipaka hoteli za Nyali na Diani,
nyeupe juu ya nyeupe, kila Aprili wageni wakishaondoka.
Aliingia kwa mlango wa jikoni,
alitoka kwa mlango wa jikoni.
Chumba chetu Likoni kilikuwa na kalenda moja
na masizi ya koroboi.
Kwa hiyo pwani ninayoipaka hapa
siyo niliyoishi.
Ni ile iliyorudi naye jioni,
vitone kwenye nyusi,
ukoko mweupe chini ya kucha.

Nikapaka ukuta wa dirisha, madirisha wazi, taa inawaka.
Ndipo sami wakaja,
wadudu wa ziwa, wingu zima, kama moshi wenye njaa.
Dakika tano tu na ukuta ukaota madoadoa,
mabawa yakipapatika ndani ya Upepo wa Pwani.
Nikaketi sakafuni nikalia,
brashi ikidondoka juu ya mkeka mpya.

Baba akainuka. Akazima taa.
"Nani alikufundisha kupaka usiku, taa ikiwaka?"
Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumatatu.

Asubuhi akavua shati, akaomba msasa.
Akausugua ukuta polepole, akapangusa vumbi la mabawa,
akaitia rangi maji kidogo.
"Uliipaka kama mtu anayeficha kitu."
Mkono wa pili akaupiga yeye, kutoka juu kushuka,
mkono ukitetemeka hewani
na kutulia ukigusa ukuta.
Sikuthubutu kumwambia apumzike.

Wachache wamebaki humo, karibu na dirisha.
Huwaoni. Pitisha kiganja, utawakuta,
vipele vidogo chini ya weupe.
Na tausi mmoja nimemrudisha, yuko chini ya bakuli,
Shangazi alihesabu vitambaa Jumapili.

Baba sasa anakaa kwenye kiti cha gugumaji,
miguu juu ya kigoda, kikoi kikimpepea usoni,
macho nusu, kama mtu aliyelipia wiki nzima.
Anagonga mkono wa kiti kwa kidole.
"Hapa," anauliza ukuta,
"chai huletwa na nani?"