Kisanduku cha Saba

Alikuja na cherehani.
Hatukumwambia alete kitu
zaidi ya pasipoti na vyeti viwili,
lakini Wiesława Pakuła, miaka hamsini na tisa,
alipanda treni ya alfajiri kutoka Łódź
na kichwa cha cherehani ndani ya mfuko wa viazi,
akakwea nacho hadi ghorofa ya nne
maana lifti yetu ilikuwa imegoma tangu Jumatatu.

Tulikuwa watatu nyuma ya meza:
Jagoda wa fedha,
daktari kijana aliyekuwa akiibia saa jicho,
na mimi, mwenye fomu.
Fomu ina visanduku tisa.
Kila kimoja kinataka namba, moja hadi tano.

Kwa nini unataka kujitolea ng'ambo?
"Kiwanda kilifungwa," akasema.
Tukasubiri lililobaki.
Halikuwapo.
Jagoda akamsaidia, kama amwoneshaye mtoto mlango:
Labda unapenda kusaidia watu?
"Napenda mashine zinazofanya kazi.
Watu huja nyuma yake."
Daktari akakohoa. Nikaandika mbili,
kisha nikaikata.

Wanaofika hapa huwa wamejikariri.
Wanasema mabadiliko, wanasema jamii,
wanasema ndoto hii wamelala nayo tangu utotoni,
nami huwapa nne, nne, nne,
maana maneno yao yamepigwa pasi, hayana kunyanzi.
Ya huyu yalikuwa yametoka kambani
bado mabichi.

Kisanduku cha saba:
Eleza mara moja uliposhindwa.
Akanyamaza. Bomba la joto likagonga ukutani.
Alikuwa akiokota uzi usioonekana
kwenye mkono wa sweta lake.

"Alikuwapo msichana, Oliwka, mwanagenzi.
Alikunja pindo la shuka likaenda kombo.
Nikamfumulia mbele ya chumba kizima,
mshono kwa mshono,
mashine arobaini nimezizimisha ili wote wasikie.
Nilikuwa sahihi. Pindo lilikuwa kombo.
Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.
Siku hizi anauza tiketi stesheni.
Ndiye aliyeniuzia ya kuja huku leo.
Hakuniangalia.
Nami nikahesabu chenji mara mbili
ili mikono ipate la kufanya."

Hakuna aliyetazama saa.

Mimi nilipoulizwa swali hilihili,
nina miaka ishirini na sita na tai ya kuazima,
nilijibu: kosa langu ni kujituma kupita kiasi.
Nikapewa tano. Nikapelekwa Mongolia
kujenga nyumba ya plastiki ya kukuzia nyanya.
Nilipinda mabomba kwa mikono hii.
Wenyeji wakasema asante, wakachinja kondoo,
wakangoja gari langu litokomee nyuma ya kilima
ndipo wakaingiza matandiko ya farasi.
Mwaka uliofuata walinitumia picha:
matandiko makavu, yamepangwa vizuri,
na mbele yake watu wanacheka bila hila yoyote.
Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone.
Niliyeuguzwa kule ni mimi,
na ripoti haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Una swali lolote kwetu?
Huwa wanauliza posho, chanjo, intaneti.
Yeye akaweka kiganja juu ya mfuko,
kama atulizaye mbuzi sokoni.
"Huko mnakonipeleka," akasema,
"nani atanihoji?"

Jagoda akafungua faili, akalifunga.
Daktari akasema kuna mratibu.
"Si mratibu. Hao wanawake wenye cherehani mbovu.
Wamekwisha kuulizwa kama wananitaka?"

Alikataa kubebewa.
Mezani aliacha duara la mafuta ya mashine,
limelamba pembe ya fomu.

Umempa ngapi? Jagoda akauliza.
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza ngazi:
alitua ghorofa ya tatu, akashusha mzigo,
akaunyanyua. Akatua ya pili.
Kalamu ilikuwa bado mkononi, haina kifuniko,
na chini kule mtu alikuwa akimshikia mlango,
au labda ulikuwa upepo tu.